Mgunga si Mmoja: Hoja Dhidi ya "Aina ya Mti"

Mwanafunzi wa Kiswahili anapokutana na jina la mmea asioujua, hukimbilia kamusi. Mara nyingi anachokipata humo ni maneno matatu: aina ya mti. Akibahatika huongezewa kwamba mti wenyewe una miiba, au kwamba magome yake ni dawa. Huifunga kamusi akiwa na ujinga ule ule aliokuja nao. Makala haya yananuia kudai kwamba maneno hayo matatu si fasili, bali ni njia ya kuikwepa fasili. Kwamba ukwepaji huo una hasara ya kweli kwa watu wa kweli. Na kwamba sisi wanafunzi na wahadhiri wa lugha hii ndio wenye wajibu, tena wenye uwezo, wa kuukomesha. Mfano nitakaoutumia ni mgunga, na mahali nitakapousimamisha ni Bangale, katika Kaunti ya Tana River.

Msafiri atokaye Mwingi kwenda Garissa hupita Bangale kabla ya kufika Madogo na kuuvuka Mto Tana. Ni nchi kame ya wafugaji: Waorma, Wawardei na Wasomali, wenye ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mgeni akichungulia dirishani mwa basi, huona pori moja lisilo na mwisho la miti ya miiba, na kwa Kiswahili chake yote ni migunga. Hatakuwa amekosea, maana mgunga ni jina la ukoo mzima. Lakini mwenyeji aliyeketi kando yake haoni pori moja. Kwa Kisomali anaona qurac hapa, bilcil pale, na cadaad kule mbele. Kwa Kioromo, ambacho Kiorma ni tawi lake, qurac ni dadacha na bilcil ni saphansa. Macho ni mamoja, dirisha ni moja. Tofauti imo katika lugha ambayo kila mmoja amepewa ya kutazamia.

Je, tofauti hizo ni za kweli, au ni majina tu? Tuiulize miti yenyewe. Qurac au dadacha, ambao wanabotania waliuita Acacia tortilis, una miiba ya namna mbili katika mti mmoja: mirefu iliyonyooka, myeupe, na mifupi iliyopinda kama ndoana. Maua yake hujikusanya kama vitufe vidogo vyeupe, na maganda yake ya mbegu hujisokota. Bilcil, yaani Acacia mellifera, una miiba mifupi iliyopinda, nayo hukaa miwili miwili. Vijani vyake ni vichache na vipana kuliko vya ndugu zake, maua yake yana harufu tamu, na ndiyo maana jina lake la Kilatini lina maana ya kuleta asali. Cadaad, yaani Acacia senegal, unafanana sana na bilcil kwa mbali. Ukiukaribia, tazama kifundo cha tawi: miiba hukaa mitatu mitatu, miwili ya pembeni ikielekea juu na ule wa katikati ukipinda kuelekea chini. Maua yake hayawi vitufe bali mashuke meupe, na maganda yake ni bapa, membamba kama karatasi. Kwa hiyo anayetaka kuitenganisha mitatu hii hahitaji maabara. Anahitaji kuhesabu miiba, kutazama ua na kuokota ganda.

Baina ya bilcil na cadaad ndipo palipo na jambo linalopaswa kutushughulisha sisi wa Kiswahili. Katika vitabu vya miti vya Afrika Mashariki, jina la Kiswahili linalotolewa kwa mellifera ni kikwata. Jina linalotolewa kwa senegal nalo ni kikwata. Ndugu wawili wanaochanganyika kwa urahisi kuliko wote ndio tuliowapa jina moja. Wengine, yaani tortilis, seyal, nilotica, na hata ule mti wa gome la njano uitwao xanthophloea, tumewafunika wote kwa blanketi moja la mgunga.

Hasara iko wapi? Iko mfukoni mwa mtu. Mti wa cadaad hutoa utomvu unaogandamana kuwa gundi, ile ambayo biashara ya dunia huiita gundi ya Kiarabu, ingawa nchi inayoongoza kwa kuizalisha ni Sudan. Gundi hiyo hutumika katika vinywaji, peremende, dawa na wino. Viwango vya kimataifa vya chakula vinakubali kuwa gundi ya Kiarabu ni ile itokayo kwa Acacia senegal au kwa Acacia seyal, na ile ya senegal ndiyo kwa kawaida yenye bei ya juu. Bilcil pia hutoa gundi, na watu huila, lakini soko hilo haliitambui. Katika maeneo kame ya Kenya wapo wakusanyaji wanaoitegemea gundi msimu wa kiangazi, wakati maziwa yamepungua. Magunia yakichanganywa, bei hushuka. Na mnunuzi mwenye maabara hugundua mchanganyiko kwa urahisi, maana mwanga maalumu ukipitishwa katika gundi iliyoyeyushwa, ya senegal huugeuza upande wa kushoto na ya seyal huugeuza upande wa kulia. Mnunuzi ana chombo chake. Mkusanyaji ana jina lake: cadaad. Lakini atakapoandikiwa mafunzo, mkataba au kijitabu cha ushauri kwa Kiswahili, jina hilo litatoweka na mahali pake pataandikwa mgunga. Lugha yetu itakuwa imemnyang'anya chombo pekee alichokuwa nacho.

Hasara ya pili iko darasani. Mtoto wa Bangale huingia shule akijua tofauti ambazo mwalimu wake aliyetoka mbali hazijui. Anafundishwa Kiswahili, lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010. Anapoandika insha kuhusu mazingira ya kwao, analazimika kuyaacha maarifa yake mlangoni na kuandika kwamba mbuzi walikula mgunga. Mgunga upi? Maganda yaliyojisokota ya dadacha, ambayo huanguka na kulisha mifugo wakati wa ukame, au majani ya saphansa? Kiswahili hakimuulizi. Lugha inayomfanya mtoto aonekane anajua kidogo kuliko anavyojua haijatimiza kazi ya lugha ya elimu.

Hapa atainuka msomaji aseme kwamba huenda Kiswahili ni lugha ya pwani, na kwamba kuitarajia ibainishe miti ya nyika ni kuionea. Nakubali nusu ya hoja hiyo, kwani nusu hiyo ndiyo inayonipa ushahidi wangu bora zaidi. Tuteremke na Mto Tana hadi baharini, kisha tusogee Lamu, tuitazame mikoko. Lugha nyingi za Ulaya huiita miti yote ya maji chumvi kwa jina moja. Mswahili huona mkoko, muia, mkandaa, mchu, mlilana na mkomafi. Mitatu ya kwanza ni ya familia moja kwa hesabu ya wanabotania, na mgeni huichanganya; lakini mkata boriti haichanganyi kamwe. Mkoko ni ule wenye mizizi inayoteremka kutoka shinani kama matao. Muia una mizizi inayochomoza matopeni kama magoti. Mkandaa una gome lililotumiwa tangu zamani kutia rangi na kusindika ngozi. Lugha haikuishia hapo. Mikomafi iko miwili inayokaribiana mno, na Kiswahili kikaitenganisha kwa njia yake yenyewe: mmoja ni mkomafi, wa pili ni mkomafi dume. Hata miti ikishakatwa, lugha iliendelea kubagua kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo.

Kwa nini Kiswahili kiwe na macho makali namna hiyo majini na kiwe na ukungu nchi kavu? Jibu si umaskini wa lugha. Jibu ni kazi. Palipokuwa na kazi, palikuwa na macho. Palipokuwa na macho, palizaliwa maneno. Boriti za Lamu ziliuzwa Uarabuni na Ghuba kwa karne nyingi, hadi serikali ya Kenya ilipopiga marufuku usafirishaji wake nje mwaka 1982, na mfanyabiashara asiyetofautisha mkoko na mchu angefilisika. Vivyo hivyo ndivyo lugha hii ilivyoweza kutenganisha ubani, manemane, sandarusi, uvumba na udi, vitu ambavyo asiyevijua angeviita vyote manukato au utomvu. Kiswahili kilijifunza kutoka kwa wavuvi, wakata miti na wachuuzi, kwa sababu hao ndio waliokuwa wasemaji wake.

Basi hoja yangu ni hii: leo wasemaji wa Kiswahili si wavuvi na wachuuzi peke yao. Ni pamoja na mfugaji wa Bangale. Tumempa lugha, tumemtaka aisome, aijibie mitihani, aitumie ofisini na mahakamani. Hatuwezi kumpa lugha kisha tukakataa kuyapokea macho yake. Lugha iliyopanuka kwa wasemaji na isiyopanuka kwa msamiati ni kama nyumba iliyoongezewa wageni bila kuongezewa vyumba.

Tazama pia jinsi Kiswahili cha Kenya kilivyopata jina la mti mgeni kabisa. Katika miaka ya 1980, mti wa miiba wenye asili ya Amerika, uitwao Prosopis juliflora, ulipandwa sehemu mbalimbali za nchi kavu, Bura na Hola zikiwamo, ili kuleta kuni na kuzuia jangwa. Ukaenea kupita mipaka uliyowekewa, ukaziba malisho na kingo za mito, na mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu haribifu. Leo hakuna Mkenya wa nchi kavu asiyejua jina mathenge. Hakuna kamati ya istilahi iliyokaa. Adha ndiyo iliyoutafutia mti jina. Ni ajabu, basi, kwamba mgeni huyu ana jina lake mahususi linalofahamika Baringo, Turkana na Tana River, ilhali wenyeji waliotulisha tangu kale wamebaki kundi lisilo na majina. Naamini hatupaswi kungoja mti utudhuru ndipo tuupe heshima ya jina.

Najua pingamizi tatu zitakazotolewa, nami nitazijibu moja baada ya nyingine.

Pingamizi la kwanza ni kwamba jina la kisayansi linatosha. Asemaye Acacia senegal hahitaji zaidi. Kwa hakika majina ya Kilatini ni hazina, na mfumo wa majina mawili aliouimarisha Linnaeus mwaka 1753 umeuunganisha ulimwengu. Lakini yaliyoupata mgunga yanapaswa kututahadharisha. Mwaka 2005, kongamano la kimataifa la botania lililofanyika Vienna liliidhinisha pendekezo kwamba jina Acacia libaki na miti ya Australia, ambayo ina spishi zinazokaribia 1,000. Zaidi ya nusu ya kura zilipinga, lakini kanuni ilidai asilimia 60 ili pendekezo la kamati lipinduliwe. Kongamano la Melbourne la mwaka 2011 likauthibitisha uamuzi huo. Hivyo migunga ya Afrika ikahamishiwa katika jenasi nyingine. Ile ambayo kwa kawaida ina miiba itokayo katika jozi chini ya jani na maua ya vitufe ikawa Vachellia. Ile yenye miiba ya ndoana na maua ya mashuke ikawa Senegalia. Dadacha sasa ni Vachellia tortilis. Bilcil ni Senegalia mellifera. Cadaad ni Senegalia senegal. Sababu za kisayansi za kuugawa ukoo zilikuwa na uzito, maana uchunguzi wa chembe za urithi ulionyesha kwamba haukuwa ukoo mmoja. Lakini funzo kwetu ni jingine: jina la kisayansi laweza kubadilishwa kwa kura katika mji wa mbali, na mfugaji wa Bangale asipate habari. Jina cadaad halikubadilika. Jina la wenyeji na jina la kisayansi si washindani. Moja humwezesha mwanasayansi kuzungumza na mwanasayansi, na jingine humwezesha mtu kuzungumza na mti anaoishi nao. Kamusi nzuri huyaweka yote mawili.

Pingamizi la pili ni kwamba kamusi si kitabu cha botania. Ni kweli. Lakini hakuna anayeomba kurasa nne kwa kila mti. Ninachodai ni sentensi moja iliyo na kazi. Kwa mfano: mgunga wenye miiba mitatu mitatu, maua meupe ya mashuke na maganda bapa, utoao gundi iuzwayo. Hayo ni maneno kumi na matano, nayo yanamtosha msomaji kusimama porini na kusema, ni huu, si ule. Kanuni ya fasili tuifundishayo katika semantiki ni kwamba fasili itaje jamii ya kitu kisha itaje kinachokitenga na wenziwe. "Aina ya mti" imetaja jamii na ikaishia hapo. Kwa kipimo chetu wenyewe tungempa mwanafunzi nusu ya alama.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: kwamba cadaad, bilcil na dadacha si Kiswahili. Nami nauliza, sandarusi lilizaliwa Kiswahili? Udi je? Lugha hii imekopa kwa Waarabu, Wahindi, Waajemi, Wareno na Waingereza bila kuona haya. Haya ya kukopa kwa jirani inatoka wapi? Msomali na Mworma ni jirani wa Mswahili tangu kale. Baina yao na Wapokomo wa kando ya Tana pamekuwa na biashara, ndoa na ugomvi kwa vizazi vingi. Kama tuliweza kuchukua neno kutoka ng'ambo ya bahari, twaweza kuchukua neno kutoka ng'ambo ya mto.

Jinsi ya kuyachukua ndiyo kazi inayotufaa sisi wanaisimu. Pendekezo langu ni kulifuata pito ambalo mkomafi dume limekwisha kulitengeneza: jina la ukoo libaki, na jina mahususi lifuate. Mgunga uwe hipernimu, na chini yake tuwe na mgunga adadi, mgunga bilili, mgunga dadacha. Sauti ya Kisomali inayoandikwa kwa herufi c haipo katika Kiswahili, kwa hiyo itadondoka kama ilivyodondoka katika maneno mengi ya Kiarabu tuliyokwisha kuyameza. Kwa tortilis nimechagua neno la Kioromo kwa makusudi, kwani qurac likitoholewa huwa kura, na mgunga kura ungezua mzaha kila mwaka wa uchaguzi. Kikwata, kwa kuwa limeshatumiwa kwa miti miwili, lisitupwe. Litajwe katika fasili zote mbili pamoja na onyo kwamba linachanganya. Haya ni mapendekezo, si amri. Wenye neno la mwisho ni watumiaji.

Lakini pendekezo halitoshi bila kazi ya nyanjani, na hapa navielekeza vidole kwa vyama vyetu vya wanafunzi. Kila mwaka twaandaa makongamano, twasoma makala kuhusu utandawazi na Kiswahili, twaimba mashairi, twapiga picha. Yote ni mema. Lakini ni chama kipi kilichopeleka wanafunzi kumi wa isimu Bangale, pamoja na wawili wa botania, wakakaa na wazee na vijana wa malisho wakiandika majina ya miti? Kazi yenyewe si ghali. Kila jina liandikwe pamoja na tawi lililokaushwa lenye mwiba, ua au ganda, na tawi hilo lipelekwe katika Hebaria ya Afrika Mashariki, Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi, likathibitishwe. Jina lisilo na tawi ni uvumi. Tawi lisilo na jina la wenyeji ni nusu ya maarifa.

Aidha, tukienda tusiende kama wavunaji. Kifungu cha 11 cha Katiba kinalitaka Bunge litunge sheria za kutambua na kulinda umiliki wa mbegu na mimea ya kiasili na matumizi yake kwa jamii, na mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Mzee anayetueleza tofauti ya mgunga na mgunga hatoi hadithi ya kupitisha jioni, anatoa mali. Jamii yake itambuliwe katika kazi tutakayochapisha, na nakala irudi kwao, kwa Kiswahili na kwa lugha yao. Kukuza Kiswahili kwa kufukarisha lugha jirani si ukuzaji. Neno tulilokopa kwa heshima huipa uhai lugha iliyotukopesha, kwa kuwa mtoto wa Bangale atakapolikuta neno la kwao ndani ya kamusi ya taifa hataona sababu ya kulionea haya.

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Nathubutu kuongeza kwamba asiyeambiwa maana hataijua. Miti haitatungoja: mathenge inasonga, makaa yanachomwa, na vijana wa malisho wanahamia mijini na majina yakiwa vichwani mwao tu. Kila toleo jipya la kamusi linalotoka likiwa bado na "aina ya mti" ni fursa iliyopotea, na waliopoteza si wahariri peke yao. Ni sisi tuliosoma, tukaona pengo, tukanyamaza. Toleo lijalo lina nafasi ya sentensi moja kwa kila mgunga. Tuiandike.